Mistari Mitatu ya Mgomba wa Mwisho

Baba alikuwa mwalimu Kahororo, na likizo moja aliandika kitabu chembamba cha kutunza migomba. Nakala zilisambaa shuleni, nyumbani kwetu Buhembe ikabaki moja, tena bila ukurasa wa mwisho. Niliuchana mimi nikiwa darasa la nne, nikafungia senene, wale panzi wa kuliwa, wa kumpelekea rafiki yangu.

Baba alipokuwa hai, Mama hakukijali kitabu. Mwandishi mwenyewe alikuwepo, na aliongea mno. Alipofariki ndipo kikawa na thamani. Kwa kuwa macho ya Mama yamefifia, kila Jumapili baada ya ibada humsomea mimi, hadi pale kinapokatika: “Mgomba wa mwisho niliupanda kwa ajili ya”.

“Ya nani?” huuliza Mama.

“Panya wamekula, Mama.” Miaka yote nilimjibu hivyo, bila haya.

Mwaka huu niliyaandika maneno ya mwisho ya kitabu kwenye simu, nikitafuta tu. Kitabu kikatokea! Maktaba moja ya ng'ambo ilikuwa imekipiga picha chote, ikanionyesha mistari mitatu: “…kwa ajili ya mke wangu. Wageni wakiusifu mkungu wake, hudhani ni kazi yangu. Sijawahi kuwaambia kwamba”. Basi. Chini waliandika kuwa hakisomwi zaidi bila ruhusa ya mwenye haki.

Nilipandwa na hasira. Mwenye haki yuko jikoni anamenya ndizi!

Niliwaandikia. Wakajibu kwa adabu kwamba warithi wote watie saini, na waseme kama kitabu kifunguliwe kwa kila mtu. Kaka yangu, mfanyabiashara wa samaki kisiwani Goziba, ndiye omusika, mrithi aliyeachiwa kibanja, shamba letu la migomba. Akanipigia simu kwamba kitabu kinahusu kibanja, kwa hiyo ni chake.

“Basi na senene wote wanaotua humo ni wako,” nikamwambia. Alicheka, akaja na boti, akasaini.

Kabla sijamsomea Mama ukurasa uliotumwa, nilimwungamia habari ya senene.

“Panya mwenye sketi nilimjua siku nyingi,” alisema. “Soma.”

Nikasoma. Akataka nirudie. Nikarudia, naye akawa anatabasamu huku machozi yanamtoka. Nilijichukia kwa kumnyima ukurasa ule miaka yote.

“Sasa wanauliza, Mama. Dunia nzima isome?”

Alijifuta kwa ncha ya kitenge. “Kitabu wafungue, watu wajue kutunza migomba. Ukurasa wa mwisho ubaki na mistari yao mitatu. Mengine aliniandikia mimi.”

Kaka alianza kusema kuhusu omusika. Mama akampa kisu amenye ndizi, naye akamenya.

Niliwaandikia hivyo hivyo. Ukikitafuta leo utasoma chote, kisha utaishia kwenye “kwamba”.