Rangi Kumi na Sita

Harufu ninayoikumbuka ni ya vumbi lililopashwa moto, ile iliyotoka kwenye matundu ya kompyuta dakika chache baada ya kuwashwa, sebuleni kwetu Likasi, katika miaka ya tisini, kiwanda cha shaba kilipokuwa kikifunga idara moja baada ya nyingine. Mama, aliyekuwa akipima madini katika maabara ya kiwanda hicho, alikuwa amebaki nyumbani bila kazi. Kompyuta ililetwa na tonton, yaani mjomba, mdogo wake Mama, fundi wa redio. Aliahidi kutuachia ikiwa nzima. Ikiwa mbovu, angeifungua achukue vipuri. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, na sikuwa nimewahi kutamani kitu kiasi hicho. Siku alipoingiza mchezo wa mbio za magari, kioo kikajaa mistari ya zambarau. Gari lilikatika vipande, na barabara ikaning'inia angani.

"Ni kuran njo iliunguza hii mashini," tonton akaamua. "Samedi nafungula."

Kwa kila kitu kilichoharibika mjini kwetu, umeme ndio uliolaumiwa, na mara nyingi lawama hiyo ilikuwa ya haki. Lakini niliona jambo moja: orodha ya mipangilio, iliyotangulia mchezo, ilionyesha herufi nzima, zimenyooka. Kama kifaa cha picha kingekuwa kimeungua, kwa nini kiziache herufi? Nilimwambia Mama. Hakunisifu. Alinipa daftari la maabara lenye kurasa zilizosalia, akapiga mistari ya safu tatu.

"Badirisha kintu moya tu, uandike," alisema. "Ukibadirisha bibili, utayua namna gani ni gani ilitengeneza?"

Kwa siku tatu, kila asubuhi umeme ulipokuwa na nguvu, nilijaribu. Nilipunguza ukubwa wa picha: mistari ikabaki. Niliondoa miti na vivuli: mistari ikabaki, ila gari likaenda kasi zaidi. Kila jaribio liliingia katika mstari wake, hata lile lililozima kioo kabisa na kunifanya nilie. Ijumaa, katika jaribio la tisa, niliacha kuchagua kile ambacho mchezo ulikiita bora. Nikashuka kutoka rangi mia mbili hamsini na sita hadi kumi na sita. Barabara ikatua chini. Gari likawa gari, jekundu, lenye pembe kali kama tofali.

Tonton alifika kesho yake, Jumamosi, na bisibisi mkononi. Akatazama, akacheka. "Ah! Weye, mama enginieri! Na hii rangi ya mubaya?"

"Ni ya mubaya, tonton, lakini inatembea."

Alisoma daftari ukurasa kwa ukurasa, kisha akakaa kucheza. Kompyuta ikabaki kwetu, na Mama akawatangazia majirani kwamba bila ruhusa yangu hakuna wa kuigusa.

Michezo ya leo hujipangia picha yenyewe. Hivi karibuni nilisimama mbele ya walimu waliokuwa wakisahihisha utafiti wangu wa uzamili. Waliniuliza nimejuaje kwamba tokeo langu ni la kweli. Nilikuwa na jibu, lakini nililizungusha mno hadi likapotea. Nimelifikiria swali hilo kwa majuma. Kwa elimu nimempita mbali yule msichana wa Likasi. Ila yeye, alipoulizwa na fundi aliyekuja kuivunja mashine yake, alijibu kwa sentensi moja, na yaliyobaki yalikuwa daftarini.