Ubeti wa Tatu

Wimbo huu ulifika kwetu Uha na wanaume waliorudi kutoka mashamba ya mkonge Tanga. Bendi moja ya jazi ya huko ndiyo iliyoutunga, na tangu hapo kila mtu ameufanya atakavyo. Kwaya moja ya Kibondo imemgeuza mpenzi kuwa Bwana Yesu. Vijana wa Kasulu wameujaza midundo ya kompyuta mpaka gitaa halisikiki. Sijali. Ukianza tu, hata ukiwa umeharibiwa hivyo, namkumbuka mama hadi kifua kinauma.

Mama aliuimba akichambua maharage. Beti mbili za kwanza ni za mwanamume anayembembeleza mpenzi wake. Ubeti wa tatu ndio nilioupenda, kwa kuwa hapo mama alikuwa akiacha kuchambua: "Rudi hata mikono mitupu, mlango sijaukomea." Mistari iliyofuata imenitoka kabisa.

Alipofariki mwaka jana, nilitamani kuusikia ubeti huo kuliko kitu chochote. Niliwaendea wauza nyimbo wa stendi ya Kasulu, kisha muuza duka mmoja mzaliwa wa Tanga aliyetunza kaseti za zamani. Kote beti mbili. Niliwagombeza kwamba wanakata nyimbo za watu.

Baba simjui. Alikwenda mkonge nikiwa bado nabebwa mgongoni. Enzi zile mwanamume wa Kiha aliona aibu kurudi bila baiskeli na blanketi, na aliyevikosa alibaki hukohuko akazeeka na aibu yake. Upuuzi mtupu, lakini ndivyo walivyokuwa. Mama hakumtaja hata siku moja. Nikimuuliza, hujibu, "Mwana wanje, mwanangu, angalia moto usizimike." Nikaamini amekwisha kumsahau, na kwa hilo nilimwonea uchungu baba.

Mwezi uliopita nilialikwa harusi Makere. Bendi ya Wakongo wa kambi ya wakimbizi ikaupiga wimbo wetu, taratibu, kama unavyotakiwa kupigwa. Baada ya beti mbili mzee wa gitaa akaendelea kupiga bila mtu kuimba. Walipopumzika nikamfuata, nikamwimbia mstari wangu na kumuuliza mbona wameuacha.

Akatikisa kichwa. "Mama, hii wimbo naijua toka butoto. Iko na beti mbili tu. Pale tunaachaka nafasi, kila mtu anatia yake. Ndiyo maana haizeeke. Hiyo yako, nani alikuimbiaka?"

"Mama yangu."

"Basi ni yake."

Nilirudi kwenye kiti changu, pilau ikapoa mbele yangu. Jirani akaniuliza kama naumwa, nikamwambia ni moshi wa jikoni. Miaka yote ile mama alikuwa akimwita mumewe, na mimi nimekaa ubavuni pake, nikidhani anafuatisha redio.