Nilimwambia Zainabu Ni Simu Yake

Mimi ndiye fundi wa intaneti kwenye ploti yetu hapa Kianda, na ujuaji wangu umeniumbua.

Kompyuta inayogawa intaneti ilikuwa ikichemka, kwa sababu kadi ya mtandao iliisumbua kwa kila kipande cha data kilichoingia. Nikaingia kwenye draiva, programu inayoiendesha kadi hiyo, nikaiamuru kadi ingoje data irundikane kwanza ndipo ibishe hodi. Kompyuta ikapoa. Nikajaribu kudownload muvi, ikashuka mbio. Nikajiona injinia.

Jirani yangu Zainabu, anayefundisha watoto Kurani kwa video, akaja. "Fundi, sauti inachelewa. Mtoto ananyamaza, mimi bado namsikia."

"Muvi yangu imeshuka mbio. Ni simu yako hiyo," nikamwambia mbele ya wapangaji wote.

Jana nilikuwa na intavyuu ya kazi kwa video. Sauti ilichelewa, na kila nikifungua mdomo, mimi na bosi tunaongea pamoja. Muvi haijali kungoja; watu wanajali. Mwishowe bosi akauliza, "Na huu ndio mtandao ulioandika kwenye CV kwamba unausimamia?"

Mlango ulikuwa wazi, na Zainabu alikuwa hapo nje akianika nguo.

"Pole, fundi," akasema. "Ni simu yako hiyo."