Neno la Waliokimbia

Nyumbani kwetu Nyegezi, mdogo wangu wa kike alikuwa na kikombe chake. Cha plastiki, cha kijani, kiliwekwa peke yake na kuoshwa peke yake. Aliyekitenga ni shangazi, mwalimu mstaafu asiyechoka kusahihisha Kiswahili cha watu, aliyeamini kwamba mate ya mgonjwa wa kifafa yanaambukiza. Daktari alimweleza kwamba hayaambukizi. Aliitikia kwa heshima zote, akarudi nyumbani kuosha kikombe peke yake.

Mdogo wangu alipokuwa mtoto, ugonjwa uliitwa degedege. Shangazi alisema kuna ndege anayepita juu ya nyumba, na kivuli chake kikimwangukia mtoto, mtoto anakakamaa. Ndege! Hakuna aliyewahi kumwona, ila kila mtu alimwogopa. Mtoto akakua, ndege akawa hamfai tena, likabaki kifafa, neno ambalo shangazi halitamki. Husema "ile hali." Nasikia limetokana na kufa, nami naamini. Aliyelitunga alimwona mwenzake ameanguka, akatimua mbio, akaenda kutangaza msiba. Hakusubiri kumwona akiamka na kuomba maji.

Mwaka jana wakaja watu wa Bukoba kumposa. Mchumba alijua kila kitu. Wazazi wake hawakujua, na hilo ndilo lililomnyima mdogo wangu usingizi.

"Akianguka," shangazi alituonya, "semeni malaria imempanda kichwani."

Wageni walikunywa chai, wakaisifia mno. Baba mtu, amevaa tai, alisema binti amefundwa. Mara mdogo wangu akaanguka mlangoni na sinia la maandazi.

Nilimlaza ubavu, nikamwekea kanga chini ya kichwa. Nilipoinua macho, yule baba wa tai alikuwa amepandisha miguu yote miwili juu ya kochi, kama mtu aliyeona nyoka. Mkewe alijiziba pua kwa kitenge.

"Msimguse! Mate hayo!" alifoka baba mtu, msomi mzima.

Na mchumba? Alisimama nyuma ya kochi la baba yake, akitazama simu. Nilimdharau kuliko wote, maana wenzake walikuwa wajinga tu.

Mdogo wangu alipoamka, shangazi alikwisha anza: "Malaria hiyo, jamani, imempanda..."

"Si malaria, shangazi," mdogo wangu alimkatiza. "Ni kifafa."

Aliketi, akapangusa mdomo, akamtazama mchumba wake muda mrefu. Kijana hakuinua macho. Ndipo akawageukia wageni, kwa adabu kabisa:

"Na ile chai mliyoisifia, baba, sukari yake niliionja mimi. Kwa kijiko kilekile nilichokorogea."

Vikombe vikarudi mezani. Alipopata nguvu aliinuka, akavikusanya vyote, akaviosha pamoja na kile cha kijani katika beseni moja, wageni wakiwa bado wanatafuta viatu vyao.