Nguzo Mbichi za Bado

Mume wangu wanamwita Bado, na jina hilo hakulitafuta, lilimfuata lenyewe. Ukimwagiza uzio, atakwambia nguzo bado. Rudi mwezi ujao: bado. Anazigonga kwa nyundo, anatega sikio, anatikisa kichwa. Mti mbichi ukiupaka lami, anasema, umeyafungia maji ndani, utaoza kuanzia moyoni. Kwanza gome litoke, kisha ukae kivulini miezi, ndipo upande wa chini ulowekwe kwenye oili chafu, mchwa wakionja wateme. Nguzo alizosimika ujanani zingali wima, na akipita karibu nazo lazima azisukume, hata kama tumechelewa tunakokwenda.

Lakini kinyozi hajinyoi. Kwetu hapakuwa na uzio hata wa kuzuia kuku, na sikulalamika, mpaka mama yake alipoanza kusahau. Alianza na majina yetu, akaja kuisahau na nyumba. Ananyanyuka tu, anashika njia ya mtoni, eti anakwenda kwao. Jamani, roho yangu ikawa juu juu. Nikipika, jicho mlangoni. Nikioga, naoga nusu, natoka na povu masikioni.

"Baba watoto, weka uzio."

"Nguzo si nimeshakata? Bado hazijakauka. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo! Mama atazama."

"Nikiweka mbichi, miaka mitatu zimeoza. Mama yangu namwekea uzio wa miaka thelathini."

Naye hakutulia, nisimsingizie. Kutwa yuko bandani anazigeuza nguzo kama mahindi ya kuchoma, anazinusa, anarudi ndani, hajakaa sawasawa ameshatoka tena.

Siku moja Bado alikuwa kazini, mimi naanika nguo. Kugeuka, kiti cha mama kitupu. Nilikimbia bila viatu. Nikamkuta mtoni, maji kifuani, ananitazama kwa adabu kama mgeni aliyekosea nyumba. Nilimtoa kwa kumvuta. Tulilia wote wawili. Mimi kwa hofu, yeye sijui.

Nilimbadilisha nguo, nikamfunika blanketi, nikamwita jirani akae naye. Kisha nikabeba mtarimbo, nikaanza kuchimba mashimo mwenyewe. Bado aliporudi alinikuta naburuta nguzo, nimejaa udongo mpaka kwenye nyusi.

"Mama watoto, umepagawa? Hizo bado!"

"Mama yako nimemtoa mtoni leo, maji kifuani!" Hapo nikapasuka. "Na wewe unaimba miaka thelathini! Ana miaka thelathini yule? Hata hiyo mitatu anayo? Niambie!"

Akakaa juu ya rundo la nguzo, mikono mapajani. Neno lilikuwa kali, nalijua, ila sikulirudisha. Nilipomwona vile ndipo nikaelewa kilichomkosesha utulivu miezi yote ile: aliogopa kumpimia mama yake uzio wa miaka mitatu.

Baadaye akanyanyuka, akaninyang'anya mtarimbo.

"Mashimo yenyewe mafupi," akasema. "Hapa utasimamisha nini, mwiko?"

Akaanza kuchimba kwa nguvu, hapumziki, jasho na machozi havitofautishiki. Mimi nikawa nashindilia. Tulipofika nguzo za upande wa mto, mama akatoka na blanketi lake, jirani nyuma yake. Mama akaishika nguzo kwa mikono miwili, akamnyooshea mwanawe.

"Fundi," akamwita, maana jina lake hakuwa nalo tena. "Uzio huu utakaa sana?"

Bado hajawahi kumdanganya mteja. Akaukanyaga udongo kuzunguka nguzo, akaukanyaga tena, uso hakuuinua.

"Utatutosha, mama."