Niliisikia kengele ya mbeba mkaa, sikumpisha: yaliyonikuta njia za Ruvu, Bagamoyo

Wakuu, salaam. Poleni na mihangaiko.

Huu uzi nimeuandika mara tatu na kuufuta mara tatu. Leo naubandika ulivyo, bila chumvi, na zile sehemu zinazoniaibisha nimeziacha humo humo.

Mimi naishi Mapinga. Ni mtu wa kuja, wazazi ni walimu kutoka bara, nikanunua kiwanja huku kama wengine. Mwaka jana nikapata ugonjwa wa baiskeli. Siyo zile za lami, ni hizi wanaita gravel: tairi nene kidogo, usukani umepinda kama pembe za kondoo, nyepesi mpaka unainyanyua kwa mkono mmoja. Kila Jumamosi asubuhi napiga njia za msituni na kando ya Mto Ruvu. Mke wangu alishaniambia nikiumwa na nyoka huko nisimpigie simu.

Jumamosi hiyo nilikuwa peke yangu. Wenzangu wa group kila mmoja aliamka na sababu yake.

Kuna kitu lazima mkielewe kwanza.

Zile njia si zetu sisi wa helmeti. Wenye nazo ni wabeba mkaa. Mtu anashuka na magunia matatu kwenye keria, breki hana, anapunguza mwendo kwa kusugua tairi na katambuga aliyovaa mguuni. Kwenye mteremko hawezi kusimama hata atake vipi. Kwa hiyo sheria ya kule ni moja tu: ukisikia kengele, toka njiani. Mwenye mzigo ndiye mwenye njia.

Hii nilikuwa naijua, nisijitetee kwa ugeni.

Saa tatu hivi nikafika kona moja ya mteremko, mahali ambapo miti inaachana na mto unauona wote kule chini. Nikashuka, baiskeli nikaisimamisha katikati ya njia ipendeze kwenye picha, nikaanza kurekodi video ya kuwarusha roho wale waliobaki vitandani.

Nikasikia kengele huko juu nyuma yangu. Kisha sauti ya mtu: "Njiaaa!"

Nikanyoosha mkono bila kugeuka, ule mkono wetu wa mjini wa "ngoja kidogo". Nilikuwa nimebakiza sekunde chache nimalize.

Ile video bado ninayo. Kengele inasikika mara nne.

Aliponiona sitoki, jamaa aliukata usukani akaingia kichakani. Nilisikia kishindo, halafu mkaa unamwagika. Nilipofika alikuwa ameegemea kisiki, usukani umemkita tumboni. Ni mtu wa miaka arobaini hivi, mkavu, shati limepasuka bega la kulia.

Cha ajabu akainuka mwenyewe. "Si kitu, bosi," akasema. Akaanza kuokota mkaa.

Wakuu, nilifurahi nyie! Nikapiga magoti nikaokota naye, huku namwomba radhi kwa maneno mengi yasiyo na kichwa wala miguu. Akaniambia anaitwa Kondo. Tulipoteza kama dakika ishirini tunafunga magunia kwa mipira, na zile dakika ndizo zinazonirudia usiku mpaka leo.

Kwa sababu gunia la tatu hakulimaliza. Alikaa chini ghafla, jasho linamtoka, midomo imepauka.

"Bega linaniuma," akasema, anashika bega la kushoto. Lakini bega lile halikuwa na hata mkwaruzo. Tumbo ndilo lililogonga, na nilipoligusa lilikuwa gumu kama ubao. Mimi si daktari lakini hapo nilijua kuna kitu kimeumia ndani.

Simu haina mtandao hata kijiti kimoja.

Sasa hapa naomba mnisome vizuri. Baiskeli yangu ingenifikisha kijijini kwa nusu saa, nikatafute msaada. Ndilo wazo la kwanza lililonijia, na lilikuwa na sura nzuri tu. Lakini najijua. Nilijua nikishapanda ile baiskeli nikaacha kona ile nyuma, sitarudi. Ningejiambia kuna mtu mwingine atapita.

Na kumbeba juu yake haiwezekani, haina keria. Baiskeli ya gharama zote zile haiwezi kubeba hata mgonjwa mmoja!

Basi nikaisukumia kichakani, nikashusha magunia kwenye baiskeli yake, nikampakia kwenye keria na kumfunga kiunoni kwangu kwa ile mipira ya mzigo. Nikaanza kuendesha kitu kizito, hakina breki, usukani umeenda upande, na mtu anaugulia kisogoni kwangu.

Yeye ndiye aliyenifundisha. "Usiogope mchanga, kanyaga." "Mguu weka kwenye tairi, taratibu." Tulipofika pale njia inapogusana na mto, ardhi imejaa nyayo za viboko, akasema, "Hapa usisimame, bosi." Sikusimama.

Na kila kona ananiambia, "Gonga kengele."

Nikagonga. Kona moja kulikuwa na kinamama wawili na kuni kichwani. Kabla sijawaona vizuri walishatoka njiani, wamesimama kwenye majani na mizigo yao, wananipisha. Sikuweza hata kuwasalimia.

Baadaye Kondo akaanza kunyamaza. Nikawa namuuliza vitu vya ovyo ili asilale: ana watoto wangapi, anashabikia timu gani. Alijibu watoto wanne. La timu hakujibu. Niliomba kila dua ninayoijua, ya kwetu na hata isiyo ya kwetu.

Kijijini tukapata bodaboda, tukapanda mshikaki, yeye katikati, mpaka zahanati.

Nesi alitutazama, mtu wa mkaa na mtu wa kaptura ya kubana. Akauliza imekuwaje.

Kondo akasema kwa sauti ndogo, "Nimeanguka."

Nesi akanigeukia. "Na wewe ni nani yake?"

Nikasema, "Msamaria tu. Nimemkuta njiani."

Haikunichukua hata sekunde kufikiria, ilitoka yenyewe.

Wakamkimbiza hospitali kwa gari la wagonjwa. Bandama lilikuwa limepasuka, anavuja damu ndani. Akapasuliwa mchana ule ule. Nikatoa damu. Daktari akasema angechelewa saa moja zaidi tungekuwa tunaongea mengine.

Na hapo wakuu ndipo nikawa shujaa. Ndugu zake wananishika mikono. Mke wangu anasimulia kwenye jumuiya. Group la baiskeli wananimiminia hongera, "kamanda", "una moyo wa dhahabu". Mkewe Kondo, shemeji Mwanahawa, kila nikifika wodini anasimama na kuwaambia watu, "Huyu ndiye kaka aliyemwokota mume wangu."

Mimi naitikia, "Tumshukuru Mungu."

Nyumbani silali. Simu ikiita naruka, nadhani amekufa, na akifa ule uongo ndio utakaobaki umeandikwa kwenye faili lake. Na nikiwa mkweli, kuna saa niliogopa zaidi kwamba atapona na kusema. Hilo ni baya kuliko lile la kengele, ndiyo maana nimelitaja.

Siku ya sita Kondo alikuwa amelala, mkewe yuko barazani anasuuza kikombe. Nikamwamkia vibaya, ulimi mzito, kisha nikasema:

"Shemeji, Kondo hakuanguka tu mwenyewe. Mimi ndiye niliyemzibia njia. Kengele niliisikia."

Akaendelea kusuuza kikombe. Akakifuta kwa ncha ya kanga.

"Najua," akasema. "Aliniambia siku aliyozinduka. Ulikuwa unapiga picha."

Nikamuuliza kwa nini basi hawakusema.

"Pale zahanati angekutaja ungekimbia, na hakuwa na mtu mwingine. Baadaye akaniambia nisikuulize kitu, tuone utasema mwenyewe lini." Ndipo akanitazama. "Mimi kila siku nilikuwa nakushukuru mbele za watu makusudi, kaka. Na kila siku ulikuwa unaitikia."

Hakunitukana, wala hakusema amenisamehe. Aliniambia nikamwite nesi, dripu imeisha.

Kondo ametoka hospitali, yuko kwake, anatembea polepole. Kubeba mizigo hawezi kwa miezi kadhaa, na hilo tunalizungumza mimi na yeye, si la humu. Baiskeli yangu mdogo wake ndiye aliyeniletea mpaka Mapinga, wala haina mkwaruzo. Sijaipanda.

Funzo ni dogo. Ukiwa kwenye njia za watu, ukisikia kengele usihesabu sekunde zako. Toka. Mwenye uwezo wa kusimama ndiye anayepisha. Na ukishafanya kosa, sema siku ile ile, kwa sababu kuna mtu anakungoja useme.

Baadhi yenu wa lile group mko humu, nawajua kwa ID zenu. Sikuwaambia, nimeona niwaambie hapa pamoja na wengine. Changieni mnavyotaka, hata matusi leteni, nitayasoma yote.

Ila zile hongera mlizoniandikia, naomba mzifute.