Nilipolala Kwenye Kifua cha Bwana Harusi

Bwana harusi alikuwa mchimba dhahabu wa hapa Macalder, kijana mrefu aliyenukia sabuni mpya, na alikuja kibandani kwangu kupimwa suti. Mchumba wake aliketi kwenye benchi kando ya cherehani, akichagua vifungo kutoka ndani ya kopo. Nilimpima kijana mabega, nikampima mikono, kisha nikazungusha futi kifuani. Kifua kipana kama kile kinamlazimu fundi asogee karibu, nami nikasogea. Kilikuwa na joto, kikipanda na kushuka taratibu. Nikaegemeza kichwa kidogo tu, nisome namba vizuri.

Yaliyofuata nilisimuliwa. Nilikaa vile kwa muda, mikono yangu ikiwa imemzunguka, na yeye amesimama wima, anaogopa hata kupumua, akimtazama mchumba wake kwa macho ya mtu anayetafuta shahidi.

"Dada," yule msichana akaniita, bila hasira. "Huyo tayari ana mwenyewe."

Nilizinduka, nikaomba radhi mpaka maneno yakaniishia. Msichana akaniketisha pale alipokuwa yeye, akanivuta kope ya chini kwa kidole gumba na kuchungulia ndani ya jicho langu.

"Ndani ni kweupe kabisa," akasema. "Mwaka jana nilikuwa hivi hivi, nikaambiwa damu imepungua. Enda hospitali. Suti itangoja."

Sikwenda. Uchovu ulikuwa umeishi na mimi muda mrefu hata nikauona kama jamaa aliyekuja kutembea akasahau kurudi kwao. Niliamka nimechoka kana kwamba usiku kucha nilikuwa nikishona ndotoni. Nikibeba mtungi wa maji kutoka bombani, moyo ulinidunda kama niliyefukuzwa na ng'ombe. Watoto wangu walijua kwamba mama akikaa chini, asiulizwe kitu. Hakuna mahali palipouma, basi nikawa sina cha kumwambia daktari. Moyoni nilikuwa nimeshajihukumu: mimi ni mvivu, na uvivu hauna dawa.

Mume wangu, ambaye hutengeneza mashine za kusaga mawe kule Osiri, alijaribu kunisaidia kwa njia yake. Aliniletea vile vinywaji vya mkebe ambavyo wachimbaji hunywa ili wasisinzie shimoni. Asubuhi moja nilikunywa mkebe mzima, nikashona kwa kasi ambayo cherehani yangu ilikuwa haijaiona. Mchana, nilipoinua kanzu ya kwaya niliyokuwa nikiishona, nikakuta nimeiwekea mikono yote miwili ya kushoto. Mama mmoja wa kanisa naye alikuja nyumbani kukemea pepo la usingizi. Aliomba kwa nguvu na kwa upendo. Alipofika kwenye amina nilikuwa nimelala, na yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia mume wangu, "Huyu mpelekeni akapimwe."

Tulikwenda Migori mjini. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya upole. Alinitoa damu, na majibu yalipokuja aliyaangalia, akaniangalia mimi, kisha akayaangalia tena.

"Kwa damu hii nashangaa umepanda ngazi zetu," akasema. "Asubuhi unakula nini?"

"Chai."

"Na nini?"

"Na sukari."

Mume wangu akakohoa. Daktari hakucheka. "Na mchana?"

"Ugali na sukuma wiki."

"Na unashushia na nini?"

"Na chai," nikasema, na nikaanza kuona mazungumzo yanakoelekea.

Akanieleza kwamba chai kali, ikinywewa pamoja na chakula, inauzuia mwili kuchukua madini yanayojenga damu. Kisha akaniuliza kuhusu siku zangu za mwezi. Nikamweleza, na alipokunja uso ndipo nilipojua kwamba nilichokiona cha kawaida tangu nijifungue mtoto wa mwisho hakikuwa cha kawaida. Akaniandikia matibabu ya hilo, vidonge vya kuongeza damu vya kumeza na chungwa, dawa ya minyoo, na siku ya kurudi kupimwa.

"Mimi nilifikiri ni uvivu," nikamwambia tulipokuwa tukiinuka.

"Mvivu hafungui kibanda kila siku akiwa na damu ya aina hii," akajibu.

Nililia kidogo koridoni. Mume wangu alidhani nimeogopa, akanishika mkono. Ilinichukua muda kumweleza kwamba nilikuwa nimefurahi.

Suti ilimaliziwa na fundi mwenzangu wa kibanda cha pili, na harusi ikafana. Mimi nilikuwa nimeshapelekwa kisiwani Takawiri, kwa mama yangu, nipate nguvu. Nilipita Homa Bay hadi Mbita nikisinzia njia nzima, nikavuka kwa boti nikisinzia, na mama aliponipokea ufuoni alinishika mashavu akasema kwa Kijaluo, "Nyathina, mwanangu, wamekurudisha ukiwa kivuli."

Nilitegemea kulala mchana na usiku. Mama alikuwa na mpango mwingine. Jua likichomoza alinipa uji na yai, kisha tukatembea pole pole hadi ufuoni alikoanika omena, wale dagaa wa ziwani, juu ya nyavu kuukuu. Nilizigeuza omena kidogo, nikachoka, nikakaa kwenye jiwe, mama hakunisema. Mchana nilikula samaki, kunde au osuga, ile mboga chungu ya kienyeji, na maini kila yalipopatikana. Baada ya chakula nililala. Giza likiingia aliichukua simu yangu, ambayo nyumbani nilizoea kuitazamia mitindo ya nguo mpaka macho yaume, akaitumbukiza kwenye chungu cha kuhifadhia mahindi. Na majani ya chai aliyaficha yote.

Nilivumilia, kisha siku moja nikapenya hadi kwa jirani, rafiki wa mama wa siku nyingi, nikamwomba kikombe kimoja tu. Akanikaribisha vizuri, akaniwekea maji ya moto yenye ndimu. Alikuwa ameshaambiwa. Kisiwa kizima kilikuwa kimeambiwa.

Nilirudi nyumbani nimewaka. Nikamwambia mama kwamba mimi ni mtu mzima mwenye watoto, kwamba si haki kunitangaza kisiwani kama mwizi wa kuku, kwamba kama ni chai nitaagiza kutoka Mbita na nitainywea katikati ya uwanja. Nilisema kwa sauti kubwa, nimesimama, mikono kiunoni. Mama aliacha kutwanga akanisikiliza mpaka mwisho, na uso wake ukajaa furaha.

"Endelea," akasema.

"Niendelee na nini?"

"Kugombana. Ulipokuja hapa hukuwa hata na nguvu za kukasirika."

Ilikuwa kweli. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikikubali kila kitu, na watu wakanisifu kwamba nina moyo wa subira. Kumbe kukataa kulinichosha. Tulicheka pale uwanjani mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Jioni mama alinipa chai, nyepesi, ikiwa mbali na chakula.

Niliporudi kupimwa damu ilikuwa imepanda, ingawa daktari alinikataza kuviacha vidonge mapema. Siku hizi nafungua kibanda nikiwa nimeshakula. Nikishona kwa muda nainuka, natembea hadi kwa muuza matunda na kurudi. Zipo siku ninazochoka, lakini ni ule uchovu wa mtu aliyefanya kazi, na nikilala unaondoka.

Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, mume wangu alikuwa amejinyoosha kwenye mkeka. Nilikuwa nimeshafua, nimehamisha kabati, na nikawa namuuliza kama tunaweza kupanda mihogo nyuma ya nyumba kabla mvua haijashuka.

"Mama watoto," akasema, macho ameyafumba, "katika nyumba hii mtu anaweza kupumzika?"

"Pumzika tu. Mimi nitaanza."

Nilikuwa nimechimba mstari mmoja nilipomsikia akiwauliza watoto mahali buti zake za mpira zilipo.